Mkono wa Mpiga Alama

Kinyozi Idarusi ndiye wa kwanza kuutaja ugonjwa wa Eliudi mbele za watu, na aliutaja huku anacheka, jambo lililomuuma Eliudi kuliko maneno yenyewe. Idarusi alikuwa ameagiza bango la kibanda chake pale barabara ya kumi na mbili. Hakutaka makuu: kichwa cha kijana aliyenyolewa panki, kageukia pembeni, basi. Eliudi akalichora, akaliacha likauke, akalileta kwa baiskeli limefungwa kwa kamba ya katani. Idarusi akaliegemeza ukutani, akarudi nyuma kidogo, akalitazama.

“Eliudi kaka,” akasema, “mimi nanyoa. Sichinji.”

Maana kati ya kichwa na shingo palikuwa na nafasi, upana wa kidole hivi. Kichwa juu, shingo chini, katikati ubao mtupu. Palikuwa na nafasi nyingine penye kisogo na nyingine kati ya sikio na shavu, lakini hizo mtu angeweza kuzivumilia. Shingo ndiyo iliyowavunja mbavu wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Kinyozi ana wembe mkononi, na juu ya mlango wake kuna kichwa kilichoachana na mwili: nani ataingia? Eliudi alilifunga bango lake tena kwenye baiskeli akaondoka bila kuaga.

Hakuwa mlevi wala mzembe. Ugonjwa wake ulikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe Tanga nzima iliwahi kula kwacho: mkonge. Eliudi alitoka kwao Muheza akiwa kijana wa Kibondei aliyemaliza darasa la nane, akapata kazi katika ghala karibu na bandari, pale marobota ya katani yalipopangwa kabla ya kushushwa kwenye matishari na kupelekwa melini. Kazi yake ilikuwa kupiga alama. Kila shamba lilikuwa na yake: hili nyota ndani ya duara, lile nanga, lile jogoo, lile pembetatu mbili zimelaliana. Unachukua bamba la bati lililotobolewa umbo hilo, unaliweka kwenye kipande cha gunia kilichoshonwa ubavuni mwa robota, unapiga brashi yenye rangi nyeusi, unainua bamba. Alama imebaki.

Mabamba hayo aliyakata mwenyewe kwa patasi, na hapo ndipo mkono wake ulipofunzwa adabu. Ukikata duara zima kwenye bati, tumbo lake linadondoka, unabaki na tundu. Ukitaka nyota ikae ndani ya duara ni lazima uache vipande vyembamba vya bati visivyokatwa, viishikilie isianguke. Wenyewe waliviita vishikizo. Ukipiga rangi, penye kishikizo hapaingii kitu, kwa hiyo mstari unakwenda, unakatika, unaruka, unaendelea. Kuli aliye juu ya tishari hajali. Yeye hajui kusoma, jua linamchoma macho, anachotaka ni kuiona alama kutoka mbali na kujua kwamba robota hili ni la fulani na lile ni la fulani. Alama inayomfaa ni ya mistari michache, minene, isiyo na mapambo. Eliudi alizoea kukitazama kitu, hata mtu, na kukivua kimoja baada ya kingine kila kisichohitajika, mpaka kibaki kile ambacho ukikiondoa nacho basi umepoteza kitu chote.

Alifanya hivyo tangu anaota ndevu mpaka ndevu zenyewe zikaanza kuingia mvi. Kisha nailoni ikala soko la katani, mashamba yakamezwa na magugu, marobota yakapungua, na siku moja ghala likafungwa. Eliudi akarudi nyumbani na brashi zake mbili. Kwa kuwa hakujua kazi nyingine, akaanza kuchora mabango.

Ilikuwa ile miaka ya shida. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na ukiona watu wamejipanga unajiunga kwanza, ndipo unauliza kinachouzwa. Rangi ya dukani huipati hata kwa dawa. Eliudi alichanganya masizi ya sufuria na utomvu wa mkorosho akapata weusi wa kutosha, na kwa weupe akatumia chokaa. Mabango yake ya wakati huo yalikuwa meusi kwa meupe, mistari ikikatika kila baada ya kiganja, na hakuna aliyelalamika. Nani angelalamikia bango la duka lisilo na kitu ndani?

Ikaja ruksa, kila mtu aagize na auze atakacho. Bidhaa zikaingia, tena zikaingia na picha zake. Kopo la maziwa lina ng'ombe aliyenona mpaka unaona vinyweleo vyake; boksi la sabuni lina mwanamke ambaye inzi akitua shavuni atateleza. Macho ya watu yakazoea utamu huo, kisha wakageuka wakamtazama Eliudi. Mbona huyu samaki hana mkia? Anao, ila umejitenga naye kidogo. Mbona kikombe kimepasuka? Hakijapasuka, ndivyo kilivyochorwa. Wewe kweli ni mpiga alama, wakamwambia, na hawakuwa wakimsifu.

Eliudi alitaka jambo moja tu. Alitaka achore mtu, mtu mzima asiye na ufa hata mmoja, watu wapite, wasimame, waseme Eliudi ni mchoraji. Si mpiga alama, mchoraji. Jambo hili lilimkaa rohoni mpaka likamharibia chakula. Benedikta, mkewe, ambaye hakuwa na subira ya kulea kinyongo cha mtu mzima, alimwambia kuna watu wanaugua malaria na bado hawaisumbui nyumba kiasi hicho.

Ndipo Kulsumbai akamwita.

Kulsumbai alikuwa mjane wa Amirali, yule Mhindi wa duka la vitambaa mjini. Alizaliwa Pangani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha Eliudi, ambaye Kibondei kilimchungulia mdomoni kila alipokasirika. Mumewe alifariki katika miaka ile ya rafu tupu, duka likafungwa. Sasa vitambaa vimerudi, naye amekula kiapo kwamba atalifungua tena kabla hajamfuata binti yake Shelina, aliyekuwa akimwita ahamie Kanada bila kuchoka.

“Shikamoo, Mama Aslam,” Eliudi alimsalimu. Aslam ndiye mwanawe wa kwanza.

“Marahaba, fundi. Kaa. Amirali wamkumbuka?”

“Nitamsahauje?”

“Watu wanasahau. Wakiona mlango uko wazi watasema duka limeuzwa. Nataka umchore juu ya mlango, uso wake, mkubwa, mtu akiwa kule sokoni amwone aseme kumbe duka ni lile lile.” Akafungua mkoba akatoa picha ndogo, ile ya kubandika kwenye pasipoti. “Ninayo hii tu.”

Eliudi aliishika picha ile kwa ncha za vidole. Uso mkubwa, katikati ya mji, mahali ambapo kila mtu hupita. Hii ndiyo nafasi aliyokuwa akiililia, na alijua kwamba akiiharibu hii hatapata nyingine.

Ukweli ni kwamba picha ile hakuihitaji. Alimjua Amirali kwa kumtazama siku nyingi akipima kitambaa: kichwa kimeinama upande, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, midomo imesogea mbele kidogo wakati anapiga hesabu kichwani. Alipousimamisha ubao uani kwake hakuitazama picha hata mara moja. Mkono ulikwenda wenyewe. Paji la uso, ukaruka, miwani, ukaruka, pua, mdomo, kidevu. Kazi haikumaliza hata asubuhi moja, na alipoweka brashi chini alikuwa ameridhika, maskini, bila kujua kwamba hajaitibu hata nafasi moja kati ya zile zilizomfukuzisha kwa Idarusi. Hakuziona. Ungemuuliza angekuapia kwamba mistari yote imefunga.

Eliudi alipoupeleka ubao, Kulsumbai alitoka kuutazama. Akauvuta mtandio akauweka mdomoni. Akasema, “Amirali,” polepole, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Halafu macho yake yakaanza kutembea juu ya ubao, na uso wake ukabadilika.

“Fundi, mbona umemkatakata?”

“Sijamkata, Mama. Ni mkono wangu tu, ndivyo unavyo…”

“Amirali hakuwa robota la katani.”

Hakufoka, alisema kwa huzuni, na Eliudi akaubeba ubao wake akaondoka. Alilia njia nzima, si kwa machozi, kwa kusaga meno. Kwamba mwanamke yule kabla ya kukasirika alikuwa amemwita mumewe kwa jina, hilo halikumwingia kabisa. Alisikia robota tu.

Basi akaanza vita na mkono wake. Aliusugua ubao, akachora upya, safari hii taratibu, jicho kwenye ncha ya brashi. Akifika mahali ambapo kishikizo kingekuwapo, brashi ilijiinua. Hakuiinua yeye. Aliitazama ikiinuka mbele ya macho yake, kiungo cha mkono kimezoea, na wakati anaikandamiza irudi ilikuwa imeshavuka na kuanza mstari mwingine upande wa pili. Akajaribu mkono wa kushoto, akachora kitu ambacho hata mama mzazi wa Amirali asingekidai. Akamwita Benedikta amshikilie kifundo cha mkono asiuinue. Benedikta alifuta unga wa mikono kwenye kanga, akamshika kwa nguvu zake zote, na mstari ukatoka umetetemeka kutoka sikioni mpaka kwenye kola.

“Baba Ernesti,” akasema, “hii miwani umeifunga kwa nini? Mbona ile ya kwanza ilikuwa inaniangalia?”

“Wewe kamata mkono. Sikukuita uje uhukumu.”

“Mimi nimesema tu.”

“Usiseme.”

Benedikta akauachia mkono, akarudi jikoni. Mwishowe Eliudi alifanya alichokuwa akikiogopa: alichora kama alivyozoea, halafu akazifuata nafasi zote na brashi nyembamba, akaziziba moja moja, na pale alipozidisha akaparua kwa wembe. Ubao ukawa hauna ufa. Akaupeleka.

Kulsumbai aliutazama kwa muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza. “Huyu sasa ni mzima,” akasema. “Ila simjui.”

Eliudi alitamani ardhi ipasuke. Angalau angetukanwa. Alimwomba mama yule ampe nafasi moja tu, ya mwisho, naye Kulsumbai, ambaye hakuwa na roho ya kumwaibisha mtu, akasema haya, lakini Shelina ananisubiri, usinicheleweshe.

Kulikuwa na kijana aliyeitwa Timotheo, mchoraji aliyesomea kazi hiyo chuoni, na mabango yote mapya ya mjini yaliyokuwa na nyuso zinazong'aa yalikuwa ya kwake. Eliudi alimchukia kwa moyo mkunjufu kabisa. Alimkwepa barabarani. Siku hiyo alimeza mate, akaenda kumgongea, akamweleza shida yake akiwa anatazama pembeni. Timotheo hakumcheka, na hilo nalo lilimuudhi.

“Shida yako, mzee wangu, unamtazama mtu,” Timotheo alimwambia. Akaichukua ile picha ndogo, akaipiga mistari kwa penseli na rula, wima na ya kulala, mpaka Amirali akakaa ndani ya dirisha la nondo. “Usimtazame mtu. Tazama mraba mmoja. Ukimaliza, nenda wa pili. Kilichomo humo usijali ni nini.”

Na Eliudi, kwa uchungu, akafanya hivyo. Akapiga miraba ubaoni, mikubwa, kisha akaanza kuhamisha. Kuna wakati alichora nusu siku hajui kama yuko puani au kwenye ukosi wa shati. Na ajabu ni kwamba mistari ilifunga. Mstari wa ndani ya mraba ni mfupi. Kabla mkono haujapata nafasi ya kuruka umeshafika ukingoni, unasimama, unaanza mwingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kubeba marobota. Hakufurahi hata kidogo, wala hakuona Amirali akitokea, mpaka siku alipofuta miraba na kurudi nyuma akamkuta mtu amekaa pale, ana ngozi, ana kivuli chini ya kidevu, hana ufa.

“Hee,” alisema Kulsumbai. “Kama picha yenyewe.” Akalia kidogo, akamshukuru, akaagiza ngazi iletwe.

“Andika jina lako pale chini,” Benedikta alimwambia asubuhi ya kuutundika ubao. “Kila mtu anaandika.”

“Mpiga alama haandiki jina lake kwenye robota,” Eliudi akajibu, na alikuwa anatania, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mambo yake yote yalikuwa yamemwendea vizuri hata akaona jina ni ushamba. “Watajua.”

Watajuaje? Kwa miaka yote mji uliijua kazi ya Eliudi kwa zile nafasi zake. Umeona mstari umeruka, huyo Eliudi. Sasa amechora kitu kisicho na nafasi hata moja halafu anategemea watu wasome nini? Lakini hakuwaza hivyo. Alikaa mbele ya duka lile kwenye kivuli cha ukuta wa pili, amejifanya anafunga mnyororo wa baiskeli, akisikiliza. Watu walisimama. Walimwita Amirali, walimsifia, wakasema mchoraji huyu ni moto. Eliudi alikuwa anameza sifa hizo bila maji.

Kulsumbai alifungua duka, akaliona limesimama, akampa mpwa wake aliyetoka Dar es Salaam aliendeshe, kisha akapanda ndege. Mpwa hakumjua Eliudi wala Timotheo.

Sifa za kwanza zilizokwenda kwingine Eliudi alizisikia sokoni. Mtu alimwambia mwenzake, “Yule Timotheo ni hatari, umeona alivyomchora Amirali?” Eliudi akacheka, akasahihisha. Yule mtu akasema ahaa, kwa adabu, akageukia nyanya. Mara ya pili hakucheka. Ilipofika wakati hata mwalimu wa kwaya kanisani kwake anamwambia inafaa ajifunze kwa Timotheo namna ya kufunga mistari, alitoka ibadani kabla ya baraka. Alikwenda kwa Timotheo kumuuliza kama ndiye anayejisifia. Timotheo akasema kwamba yeye hajamwambia mtu yeyote kuwa ni kazi yake. Ilikuwa kweli. Pia hajamwambia mtu yeyote kuwa si yake.

Miezi ikapita hivyo, Eliudi akizidi kuwa mkavu na mwenye hasira za karibu, akichora nanasi na soda za vibanda kwa miraba, mraba mmoja baada ya mwingine, kazi safi isiyo na ladha. Hakuchora kitu kwa mkono mtupu. Aliogopa.

Kisha akaja Marhun.

Marhun alikuwa mtu wa Pangani, wa wale Waarabu ambao baba zao walikuwa na minazi isiyohesabika, na sasa alikuwa anajenga nyumba ya wageni Ushongo, ufukweni, kwa ajili ya watalii. Alitaka uso wa marehemu baba yake ukutani sebuleni, na picha nyingine katika kila chumba. Kazi ya mwaka mzima. Alikuwa ameuona uso wa Amirali akiwa anapita na pikapu yake, akasimama katikati ya barabara, akasema huyu aliyechora hapa ndiye ninayemtaka. Alipouliza, alielekezwa kwa Timotheo. Kabla ya kwenda akaingia kwa Idarusi kutengenezwa ndevu.

Eliudi alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake. Alimsikia Marhun akieleza kila kitu mbele ya kioo, povu limejaa kidevuni, na alimsikia Idarusi akisema Timotheo nyumba yake ni ile pale, mwendo wa dakika moja. Akainuka kwenye benchi.

“Bwana,” Eliudi akasema, “kazi ile ni yangu.”

Idarusi aliusimamisha wembe. Benchi zima liligeuka.

“Ipi?” Marhun aliuliza kupitia kioo.

“Uso wa Amirali. Nimeuchora mimi. Mama Aslam angekuwapo angekwambia.”

“Yuko wapi?”

“Kanada.”

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Marhun alijifuta povu, akageuka kumtazama Eliudi vizuri. Alikuwa na tabia ya kuinua unyusi mmoja na kidevu kwa pamoja akiwa hamwamini mtu, kofia ikimrudi kisogoni. “Hewallah,” akasema. “Mimi simjui Timotheo, na wewe sikujui. Aliye fundi namjua kwa kazi. Nichore.”

“Nipe picha na rula, na siku…”

“Rula ya nini? Mimi nipo hapa. Mtu anayejua kuchora anachora.”

Eliudi alitazama huku na huku. Muuza kahawa alikuwa ameweka jiko lake nje ya kibanda. Akainama, akachukua kipande cha mkaa kilichozimika, akaukabili ukuta wa nje, ambao Idarusi alikuwa ameupaka chokaa kwa ajili ya Idi. Idarusi akafungua mdomo kupinga, Marhun akamzuia kwa mkono.

Watu wakatoka wote. Eliudi alimtazama Marhun, na kwa kuwa hapakuwa na mraba, alimtazama mtu. Ule unyusi. Kidevu kile kilichoinuliwa kwa dharau ya mtu aliyezoea kudanganywa na mafundi. Ndevu zilizonyolewa upande mmoja tu. Hasira yake yote, ya bango la shingo, ya robota, ya mwalimu wa kwaya, ilishuka begani ikaingia mkononi, na mkono ukaondoka. Haukumwomba ruhusa. Ukapiga, ukaruka, ukapiga, ukaruka. Kabla kahawa ya mtu aliyekuwa kaishika haijapoa, ukasimama wenyewe.

Benchi zima lilicheka kwa pamoja, na kicheko hiki kilikuwa kingine, si kile cha bango. Kilikuwa cha watu waliokutana na mtu wanayemjua. Mwenye mkokoteni wa madafu aliyekuwa anapita akasema, “Si Marhun huyo?” bila hata kusimama. Marhun mwenyewe alijishika ndevu, upande ule uliobaki.

“Ni mimi,” akasema. “Wallahi, ni mimi huyu.”

Eliudi alihisi joto likimpanda kifuani mpaka kwenye masikio. Alijua. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Katika maisha yake yote hajawahi kumchora mtu akakaa namna ile, na mtu huyo alikuwa amekaa kwa mistari isiyozidi vidole vya mikono miwili.

Marhun akasogea ukutani. Akaweka kidole penye nafasi, kati ya kidevu na shingo, kisha penye nyingine, kati ya unyusi na paji la uso. Akazifuata zote, moja baada ya nyingine.

“Hii ndiyo kazi yako?”

“Ndiyo yangu.”

“Ndivyo unavyochora?”

“Ndivyo ninavyochora.”

“Basi ile ya Amirali si yako,” Marhun akasema. Hakuwa na ukali. “Mkono uliochora hii haukuchora ile. Mimi si mtoto mdogo, bwana.”

“Ile nilichora kwa miraba. Mistari ya miraba inafunga, lakini…”

“Eliudi kaka,” Idarusi akaingilia, kwa upole wa mtu anayemsaidia mwenzake asizidi kujiaibisha, “hata sisi tunakujua. Mistari yako haifungi tangu zamani. Yule Amirali hana ufa.”

“Hana kwa sababu nilihangaika asiwe nao.”

“Haya.”

Hakuna aliyebisha zaidi, na hakuna aliyemwamini. Eliudi alitazama nyuso zao, akaona kwamba amejitolea ushahidi mwenyewe, kwa mkaa, ukutani, mbele ya mji. Marhun alirudi ndani akamaliziwa upande wa pili wa ndevu. Alipotoka alisimama tena mbele ya ukuta, akatikisa kichwa, akacheka peke yake. “Amenipata, lakini,” akamwambia Idarusi. Kisha akapanda pikapu akaenda kwa Timotheo.

Wateja walirudi ndani. Eliudi hakuingia. Alikaa kwenye jiwe la kizingiti, vidole vyeusi kwa mkaa, akiutazama ukuta na kuuchukia, na kwa kila alivyouchukia ndivyo alivyoona hakuna mstari hata mmoja ambao angeubadilisha. Alijaribu kuwaza kuziba nafasi moja tu, ile ya kidevuni. Akaona kwa akili yake kidevu kinavyokufa.

Benedikta alipita akitoka sokoni na mchicha. Akamwona mumewe, akaona ukuta, akasimama.

“Huyu mtu nimepishana naye sasa hivi hapo kona,” akasema. “Yumo kwenye pikapu. Ni nani?”

“Mtu wa Pangani.”

Akautua mchicha chini, akautazama ukuta kwa muda, kichwa kimeinama.

“Amefanana.”

“Najua.”

“Sasa mbona umenuna?”

“Kwa sababu amefanana,” Eliudi akasema.